Nani Kaiba, na Mali ni ya Nani? Maoni ya Wasomaji kuhusu Jiwe la Mwezi la Wilkie Collins na Upeo wa Msomaji wa Ngamiani, Tanga

Ikisiri

Makala hii inatathmini maoni ya wasomaji kuhusu The Moonstone, riwaya ya fumbo ya Wilkie Collins iliyotoka mwaka 1868, ambayo hapa inaitwa Jiwe la Mwezi. Riwaya hiyo inaanza na kuishia Bara Hindi, ingawa sehemu yake kubwa inatendeka Uingereza. Maoni yaliyochambuliwa ni ya aina tatu: ya wasomaji wa zama za mwandishi, ya wahakiki wa nusu ya kwanza ya karne ya 20 waliotukuza ufundi wake, na ya wahakiki wa baadaye walioisoma kama riwaya ya ukoloni. Kwa kuongozwa na Nadharia ya Upokezi, makala inayapima maoni hayo kwa upeo wa matarajio wa msomaji wa Ngamiani, Tanga, ambaye Bara Hindi kwake ni ng'ambo ya pili ya bahari anayoiona kila siku. Hoja kuu ni kwamba msomaji huyo analihamisha swali la riwaya kutoka "nani kaiba?" kwenda "mali ni ya nani?", na kwamba swali hilo la pili linamgeukia yeye mwenyewe pia.

1.0 Utangulizi

Riwaya ya fumbo huishi kwa swali. Msomaji huoneshwa kosa, hunyimwa jina la mkosaji, kisha huvutwa kwa taharuki hadi jina hilo litajwe. Kwa sababu hiyo, maoni mengi kuhusu riwaya za aina hii huishia kwenye ufundi: je, fumbo lilifumbwa vizuri? Je, ushahidi ulitolewa kwa haki? Je, mwisho ulimshtua msomaji? Haya ni maswali halali, lakini hayatoshi pale ambapo kitu kilichoibwa kilikuwa kimekwisha kuibwa kabla ya hadithi kuanza.

Hali hiyo ndiyo ya Jiwe la Mwezi. Mwaka 1799, majeshi ya Waingereza yalipouteka mji wa Seringapatam na kumwua Tipu Sultan, afisa mmoja wa kubuniwa, John Herncastle, analipora jiwe la almasi lililopachikwa kwenye mpini wa jambia. Ndugu yake mmoja anamkuta ameshika jambia lenye damu, na Wahindi watatu wako mbele yake: wawili wamekufa na mmoja anakata roho huku akitamka kwamba Jiwe la Mwezi litalipiza kisasi. Karibu miaka 50 baadaye jiwe linarithishwa kwa binti wa Kiingereza, Rachel Verinder, katika siku yake ya kuzaliwa. Usiku huohuo linatoweka chumbani mwake. Kuanzia hapo riwaya inashughulikia wizi huu wa pili. Wizi wa kwanza unawekwa pembeni kama habari za kale za ukoo.

Wasomaji wameupokeaje mpangilio huo kwa zaidi ya miaka 150? Na je, mtu anayeisoma riwaya hii kutoka Ngamiani, mtaa wa Tanga wenye barabara zinazoitwa kwa namba, analazimika kuisoma kama ilivyosomwa London? Maswali haya mawili ndiyo yanayoiongoza makala hii.

2.0 Kiunzi cha Nadharia

Uchambuzi huu unaongozwa na Nadharia ya Upokezi. Hans Robert Jauss, katika mhadhara alioutoa Konstanz mwaka 1967, alidai kwamba historia ya fasihi haiwezi kuandikwa kwa kufuata watunzi na matini peke yake. Ni lazima izingatie pia wasomaji wanaozipokea kazi hizo. Kila msomaji huijia kazi akiwa na upeo wa matarajio, yaani jumla ya mambo anayoyajua kuhusu utanzu husika, kazi alizokwisha kuzisoma, na maisha yanayomzunguka. Wolfgang Iser naye alionesha kwamba matini huwa na mapengo ambayo msomaji huyajaza kwa hazina yake mwenyewe. Stanley Fish aliongeza mwaka 1980 kwamba ujazaji huo haufanywi na mtu mmojammoja kwa hiari yake, bali na jumuiya za ufasiri zinazomfundisha mtu nini cha kukitazama.

Kwa msingi huo, "msomaji wa Ngamiani" katika makala hii ni upeo wa matarajio unaojengwa kutokana na historia ya mahali, lugha, fasihi na sanaa za maonesho zilizouzunguka mtaa huo. Hakusudiwi kuwa mtu fulani mwenye jina. Upeo huo unatumiwa kuonesha mapengo ambayo maoni mengine yameyaruka.

3.0 Maoni ya Wasomaji wa Zama za Mwandishi

Riwaya ilichapishwa kwa mfululizo katika jarida la Charles Dickens, All the Year Round, kuanzia Januari hadi Agosti 1868. Mchapishaji William Tinsley alisimulia katika kumbukumbu zake kwamba siku za kutoka kwa toleo jipya watu walisongamana nje ya ofisi ya jarida wakilisubiri. Ushahidi huo unaonesha msomaji wa kwanza alikuwa nani: mtu aliyenyimwa jibu kwa wiki nzima na kulazimika kukisia. Utaratibu wa mfululizo uliligeuza pengo la Iser kuwa pengo la kalenda.

Maoni ya Dickens mwenyewe yanastahili kuzingatiwa kwa sababu yalibadilika. Katikati ya mwaka 1867, baada ya kuzisoma sehemu za mwanzo, alimwandikia msaidizi wake Wills kwa kuisifu hadithi kuwa ya ajabu na bado ya nyumbani. Mwaka mmoja baadaye, riwaya ilipokaribia kumalizika, alimwandikia Wills huyohuyo kwamba muundo wake unachosha kupita kiasi na kwamba una majivuno yanayomfanya msomaji awe adui. Wahakiki wengi wameyaeleza mabadiliko hayo kwa kurejelea uhusiano wa waandishi hao wawili, ambao ulikuwa umeanza kupoa. Hata hivyo, sifa ya kwanza ina jambo la kutazamwa. Dickens aliupenda ukaribu wa ajabu na nyumba: almasi ya Bara Hindi kuingia katika sebule ya Yorkshire. Katika maoni hayo, ajabu ni ya Bara Hindi na nyumba ni ya Uingereza. Mgawanyo huo ndio uliorithiwa na wasomaji wengi waliofuata.

Maoni ya Geraldine Jewsbury, aliyeihakiki riwaya katika jarida la Athenaeum mwezi Julai 1868, yanakwenda mbali zaidi. Yeye aliuona upelelezi wenyewe kuwa na uchafu fulani, akasema kwamba tamati ya riwaya ndiyo inayoukomboa. Katika tamati hiyo Mabrahmani watatu, waliovuka bahari na hivyo kupoteza tabaka lao kwa ajili ya mungu wao, wanaagana milele mbele ya umati wa mahujaji, kila mmoja akishika njia yake ya kwenda kujitakasa. Jewsbury alikiri kwamba ni wachache watakaoisoma sehemu hiyo bila machozi kuwalengalenga. Ni maoni ya msomaji wa mwaka 1868, miaka 11 tu baada ya maasi makubwa ya Wahindi ya mwaka 1857, wakati magazeti ya Uingereza yalikuwa bado yamejaa chuki. Kwamba msomaji wa zama hizo aliweza kuwalilia "wezi" kunaonesha kuwa matini yenyewe ilikuwa na nafasi ya usomaji wa namna hiyo. Lakini machozi ya Jewsbury ni ya huruma. Hayagusi suala la haki: hasemi popote kwamba watu hao walikuwa wakichukua kilicho chao.

4.0 Maoni ya Karne ya Ishirini: Ufundi na Ukoloni

Mwaka 1927 na 1928 T. S. Eliot aliipa Jiwe la Mwezi sifa ambayo imenakiliwa kwenye majalada mengi tangu hapo: kwamba ni riwaya ya kwanza, ndefu kuliko zote, na bora kuliko zote miongoni mwa riwaya za kisasa za upelelezi za Kiingereza. Dorothy L. Sayers, mwandishi wa riwaya za upelelezi, aliipandisha cheo hivyohivyo. Maoni haya yana msingi. Collins aligawa usimulizi kwa mashahidi mbalimbali: mtumishi mzee Betteredge anayekitumia kitabu cha Robinson Crusoe kama msahafu wa kupigia ramli, Miss Clack, mlokole mnafiki, mwanasheria Bruff, Franklin Blake, na Ezra Jennings, msaidizi wa daktari mwenye asili mchanganyiko. Kila shahidi anasema alichokiona tu. Jibu la fumbo, kwamba Blake mwenyewe ndiye aliyelichukua jiwe akiwa chini ya nguvu za afyuni bila kujua, na kwamba Godfrey Ablewhite, mtu wa sadaka na hotuba, ndiye aliyelifanya kuwa lake, limeandaliwa kwa uangalifu mkubwa.

Tatizo la maoni ya Eliot na Sayers ni kwamba yanaupima ushahidi uliomo bila kuuliza ni ushahidi wa nani uliokosekana. Miongoni mwa wasimulizi wote wa riwaya, hakuna hata Brahmani mmoja. Watu watatu waliokesha miaka mingi wakilifuata jiwe, waliojigeuza waganga wa mazingaombwe wa barabarani, na ambao hatimaye ndio wanaofanikiwa kuliko Sajini Cuff mpelelezi, hawaulizwi chochote. Habari zao zinaletwa na Murthwaite, msafiri wa Kiingereza anayejua lugha zao. Mahakama hii ina mashahidi wengi, lakini mdai hakuitwa.

Wahakiki wa baadaye waliliona pengo hilo. John R. Reed, katika makala yake ya mwaka 1973, alidai kwamba kosa halisi la riwaya, ambalo halikirimiwi jina, ni uporaji wa kibeberu. Usomaji huo unaungwa mkono na dibaji ya Collins mwenyewe, inayotaja Koh-i-Noor miongoni mwa mawe yaliyompa wazo la hadithi. Jiwe hilo la kihistoria lilitwaliwa na Waingereza mwaka 1849, baada ya Punjab kutekwa, yaani ndani ya miaka ileile ambamo hadithi inatendeka. Ashish Roy, mwaka 1993, alipinga kwamba riwaya inaushambulia ubeberu. Kwa maoni yake, inaufanyia kazi, kwa kuwa inawafanya Wahindi kuwa ajabu inayohitaji kuelezwa na Mzungu.

Mjadala huu wa Reed na Roy ni muhimu, lakini pande zote mbili zinakubaliana kimyakimya katika jambo moja: kwamba riwaya ina wahusika wawili wakuu wa kihistoria, Uingereza na Bara Hindi, na kwamba msomaji anasimama upande mmoja au mwingine. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki hasimami upande wowote kati ya hizo. Amesimama ufukoni, na pepo zinamjia kutoka pande zote.

5.0 Upeo wa Matarajio wa Msomaji wa Ngamiani

5.1 Somnath si mbali

Tamati ya riwaya inatendeka mwaka 1850 huko Somnath, katika rasi ya Kathiawar. Kwa msomaji wa London, jina hilo ni kilele cha umbali: mahali ambapo Mzungu anafika akiwa amejificha, juu ya kilima, usiku wa mbalamwezi. Kwa msomaji wa Tanga hali ni tofauti. Kathiawar na jirani yake Kutch ndizo sehemu walikotoka Wahindi wengi wa Afrika Mashariki. Majahazi yaliyokuja kwa kaskazi na kurudi kwa kusi yalileta nguo, vyombo na watu kutoka bandari za Mandvi, Porbandar na nyinginezo. Ukoo wa Karimjee, uliotoka Mandvi na kuanza biashara Zanzibar katika karne ya 19, baadaye ulimiliki mashamba ya mkonge mkoani Tanga. Msomaji wa Ngamiani hahitaji Murthwaite wa kumtafsiria Mgujarati. Amenunua kwake mafuta ya taa, amekopa kwake kanga, na amesikia lugha yake ikisemwa juu ya kaunta.

Ukaribu huo ulikuzwa na sanaa. Filamu za Kihindi zilioneshwa katika sinema za mji wa Tanga na kupendwa na watu wasiojua neno la Kihindi. Laura Fair, katika utafiti wake wa sinema Tanzania uliochapishwa mwaka 2018, ameonesha jinsi filamu kama Awara ya mwaka 1951 ilivyopokewa kama hadithi inayowahusu watazamaji wenyewe: nafasi ya mtu kupenda, hukumu ya baba, na aibu ya umaskini. Taarab nayo ilichota mahadhi kutoka filamu hizo. Kwa hiyo msomaji huyu anapokutana na Bara Hindi katika riwaya, hazina yake ina nyuso, nyimbo na madeni. Mgawanyo wa Dickens, ajabu huku na nyumba kule, haumshiki.

Matokeo yake kwa usomaji ni dhahiri. Mbinu ya Collins ya kuwatumia Mabrahmani kama chanzo cha hofu, watu weusi wanaochungulia nyuma ya miti ya bustani, inapoteza nguvu. Hata kile kitendo kinachoonekana kuwa cha ajabu kabisa, cha kummiminia kijana wino kiganjani ili atazame yaliyofichika, hakiwi cha kigeni kwa jamii inayoujua uaguzi na ramli. Msomaji wa pwani anaweza kukiamini au kukicheka, lakini hakimshangazi. Taharuki inapopungua upande huo, macho yanabaki huru kutazama kwingine.

5.2 Mali ya dhuluma

Macho hayo yanaangukia wizi wa kwanza. Katika maadili ya pwani, mali huulizwa nasaba yake kama mtu. Kuna amana, kuna urithi, kuna chumo la halali, na kuna dhuluma. Mali ya dhuluma haitakaswi kwa kurithishwa. Anayeipokea anapokea na deni lake. Herncastle anapomwachia Rachel jiwe kwa wasia, sheria ya Kiingereza inaona zawadi. Msomaji aliyelelewa katika maadili haya anaona mzigo uliohamishwa kichwani. Kwa hiyo swali "nani kalichukua jiwe chumbani mwa Rachel?" linakuwa dogo. Swali kubwa ni jinsi nyumba nzima ya watu wema ilivyoweza kulitafuta jiwe kwa kurasa mamia bila yeyote kupendekeza kwamba lirudishwe.

Historia ya Tanzania inalipa swali hilo uzito zaidi. Kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 kiliitaka Ujerumani ilikabidhi fuvu la Mkwawa kwa serikali ya Uingereza ndani ya miezi sita. Fuvu hilo halikurudi Kalenga hadi mwaka 1954. Mifupa ya dinosaria iliyochimbwa Tendaguru inasimama mpaka leo katika jumba la makumbusho Berlin. Kwa msomaji mwenye habari hizi katika upeo wake, tamati ya Somnath, ambapo jiwe linaonekana tena kwenye paji la sanamu ya mungu wa mwezi, ni tukio lenye jina la kisheria: urejeshaji. Jewsbury aliiona ikiliza. Msomaji wa Tanzania anaiona pia kama hesabu iliyofungwa, tena bila msaada wa mkataba wowote.

Ulinganisho na riwaya nyingine ya wakati huo unathibitisha hoja hii. Katika The Sign of the Four ya Arthur Conan Doyle, ya mwaka 1890, hazina ya Agra iliyopatikana kwa mauaji inaishia kutupwa katika mto Thames. Hakuna anayefikiria kuirudisha. Collins, miaka 22 kabla yake, aliweza kuifikiria njia ya kurudi. Kwa kipimo cha "mali ni ya nani", riwaya ya awali ndiyo iliyokwenda mbele zaidi.

5.3 Msomaji naye ashtakiwe

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kumpa msomaji wa Ngamiani kiti cha hakimu asiye na doa. Matini yenyewe inakataa. Kwa mujibu wa dibaji ya kisa, jiwe halikuibwa mara ya kwanza na Mwingereza. Liliponyoka uvamizi wa Mahmud wa Ghazni huko Somnath, likahamishiwa Benares, kisha likatwaliwa katika zama za Aurangzeb, na hatimaye likafika mikononi mwa Tipu Sultan. Hao wote walikuwa watawala Waislamu. Msomaji Mwislamu wa Tanga, ambaye moyo wake uko pamoja na Tipu dhidi ya Waingereza, anakuta kwamba jambia la shahidi wake lilipambwa kwa kitu cha hekalu la wengine. Usomaji wa kibeberu na kinyume chake, kama wa Reed na Roy, hauna nafasi kwa aibu ya namna hii. Msomaji wa pwani hana budi kuipatia nafasi, la sivyo atakuwa amelitumia swali la haki kwa kuwapiga wengine tu.

Vivyo hivyo kuhusu jirani yake wa Kathiawar. Methali isemayo "Baniani mbaya, kiatu chake dawa" imebeba dharau na uhitaji katika pumzi moja. Mtu wa pwani alimhitaji Mhindi na kumsimanga. Kwa upande mwingine, wafanyabiashara wa Kutch hawakuwa watazamaji tu: nyumba ya Jairam Shivji ilikodi forodha za Sultani wa Zanzibar kwa miaka mingi, na mitaji ya Wahindi iliingia katika misafara iliyokwenda bara kuleta pembe za ndovu, biashara iliyofungamana na ile ya watumwa. Mwaka 1971 serikali ya Tanzania ilitaifisha majengo ya kupangisha, mengi yakiwa ya Wahindi, katika miji ikiwamo Tanga. Je, majengo yale yalikuwa ya nani? Ya waliojenga, ya waliopanga, au ya waliokata mkonge ambao faida yake iligeuka mawe na saruji? Riwaya ya Collins haijibu swali hilo. Lakini msomaji aliyekwisha kuliuliza kuhusu almasi hawezi kulikwepa anapoinua macho kutoka kitabuni. Reli iliyoutenga mji wa biashara na Ngamiani bado ipo.

6.0 Jibu la Fasihi ya Kiswahili

Upeo wa msomaji wa Ngamiani haujengwi na historia peke yake. Umejengwa na vitabu vya lugha yake pia. Viwili vinatosha kutajwa.

Cha kwanza ni Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kilichoshinda shindano la uandishi wa hadithi la mwaka 1957/58 na kuchapishwa mwaka 1960. Wahakiki wamezoea kumlinganisha Bwana Msa na Sherlock Holmes: kiko mdomoni, rafiki pembeni, na mantiki inayokata. Mara nyingi ulinganisho huo umetumiwa kuishusha hadhi riwaya hiyo, ionekane kuwa mwigo au fasihi pendwa isiyo na uzito. Ikiwekwa kando ya Jiwe la Mwezi, hata hivyo, inaonesha mageuzi makubwa. Katika Collins, ajabu inatoka Bara Hindi na akili inakaa Uingereza. Katika Abdulla, mzimu uko Unguja na akili iko Unguja. Bwana Ali bin Said anapokutwa amekufa mahali pa mzimu, wanaoamini kwamba mzimu umemwua na anayethibitisha kwamba muuaji ni binadamu wanatoka katika jamii moja na wanasalimiana kwa lugha moja. Hakuna Murthwaite. Msomaji aliyefundishwa na Bwana Msa anajua kwamba ushirikina na mantiki ni majirani wa mtaa mmoja, na kwa hiyo hawezi kukubali vigawanywe kwa bara.

Cha pili ni Kusadikika cha Shaaban Robert, mwana wa Tanga, kilichotoka mwaka 1951. Nacho ni kitabu cha mahakama na ushahidi. Lakini humo mshitakiwa Karama ndiye anayepewa sauti, naye anaitumia kuwasemea wajumbe waliotumikia nchi yao na kulipwa kifungo. Mabrahmani watatu wa Collins ni wajumbe wa namna hiyo: walitoka, wakateseka, wakarudi na kitu, na malipo yao yakawa kutengana hadi kufa. Tofauti ni kwamba hawakupata Karama wa kuwasemea. Msomaji aliyepitia Kusadikika analisikia pengo hilo kama ukimya wa mtu aliyezuiwa kusema, na analijaza kwa kuuliza watu hao wangesema nini.

Ezra Jennings anastahili kutajwa hapa. Mtu huyu, aliyezaliwa katika koloni kwa baba Mwingereza na mama wa asili nyingine, ndiye anayelifumbua fumbo, kisha anakufa na kuagiza azikwe na siri yake bila jina kaburini. Wahakiki wa ufundi wanamsifu kwa jaribio lake la afyuni. Kwa msomaji wa pwani, ambako nasaba mchanganyiko ni hali ya kawaida ya familia, jambo zito ni kwamba riwaya ilimhitaji machotara ili ijielewe, kisha haikujua pa kumweka.

7.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kwamba maoni kuhusu Jiwe la Mwezi yamepitia hatua tatu: taharuki na machozi ya mwaka 1868, heshima kwa ufundi, na mjadala wa ukoloni. Kila hatua iliona jambo la kweli. Dickens aliona mkutano wa ajabu na nyumba, Jewsbury aliona huzuni ya tamati, Eliot aliona umahiri wa muundo, Reed aliona kosa lililofichwa, na Roy aliona mtego wa usimulizi. Upeo wa Ngamiani haufuti maoni hayo. Unaongeza mambo matatu: unaiondolea Bara Hindi ugeni uliokuwa ukifunika swali la umiliki; unaisoma tamati kama urejeshaji wa mali; na unamrudisha msomaji mwenyewe kizimbani.

Jambo hili lina matokeo kwa ufundishaji wa fasihi linganishi katika vyuo vya Afrika Mashariki. Riwaya za fumbo za Kiingereza zinapofundishwa kama chimbuko, na zile za Kiswahili kama matawi, mwanafunzi hufundishwa kuhesabu mikopo ya Abdulla kutoka kwa Conan Doyle. Mkabala wa upokezi unapendekeza kazi ngumu zaidi: kuisoma riwaya ya Kiingereza kwa macho yaliyofundishwa na Bwana Msa na Karama, na kuona ni nini wasomaji wa kwanza hawakukiona. Mwishoni mwa riwaya Murthwaite anajiuliza jiwe litapatwa na visa gani tena. Yeye anayaona mambo yajayo kama mzunguko wa bahati. Msomaji wa Ngamiani ana sababu ya kuliona jambo kwa namna nyingine: jiwe limefika kwake, na aliyelirudisha kwake hakuwahi kuulizwa alilichukulia wapi.